Waya Ikipita Nyuma ya Nodi, Utajuaje Inaenda Wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kakamega anayeediti video za kwaya na matangazo ya maduka. Anasema: "Habari mwalimu. Natumia Blender kwa kompoziti, na sai projekti yangu imefika nodi sabini hivi. Waya zimepinda na kupandana mpaka siwezi fuata moja nijue imetoka wapi. Nimeona wengine waya zao zimenyooka, wengine zina rangi, wengine zina kona kama mabomba ya maji. Hiyo inasetiwa wapi? Na nikihamia Fusion ama Nuke hiyo shida itaisha?"

Salama dadangu, na pole kwa hizo waya. Nitakujibu kwa urefu kidogo juu watu wengi hulichukulia hili jambo kama urembo, eti unabadilisha sura ya skrini ipendeze, na mimi naona ni sehemu ya kazi yenyewe. Kwa msomaji mgeni: kompoziti ni kuunganisha picha tofauti ziwe moja, nodi ni kisanduku kinachofanya kazi moja kwa picha, waya inabeba picha kutoka nodi moja hadi nyingine, na Blender, Fusion na Nuke ni programu za kazi hiyo. Majina ya menyu nitayaandika vile yalivyo kwa programu ndio usihangaike kuyatafuta.

Wacha nianze na ulichouliza, ndio hata ukiishia hapa umepata. Kunyooka na kupinda: fungua Edit, halafu Preferences, halafu Themes, halafu Node Editor, shuka chini mpaka uone Noodle Curving. Noodle ni tambi, ndivyo Blender inavyoziita hizo waya. Namba inaanza 0 inaenda mpaka 10. Ukiweka 0 waya inanyooka kama rula kutoka soketi (kale katundu ka waya kando ya nodi) hadi soketi, ukiweka 10 inatoka na tumbo kubwa. Huhitaji kufunga programu na kufungua tena, waya zinabadilika hapo hapo ukiangalia. Rangi: hiyo haiko kwa Preferences, iko juu kulia ya dirisha la nodi, kuna alama ya viduara viwili vimepandana, bonyeza kamshale kalicho kando yake uweke tiki kwa Wire Colors. Kona sasa, Blender haina swichi ya kufanya waya zote ziwe na kona kama bomba. Zile umeona ama ni za Fusion, ama ni mtu ameziweka mwenyewe moja moja: unashika Shift, unabonyeza mausi upande wa kulia, unaburuta ukikatiza juu ya waya, na hapo panatokea nukta inayoitwa Reroute ambayo unaweza ivuta popote unataka.

Sasa nikuambie kwa nini hizo tatu peke yake hazitakutoa hapo ulipo.

Kuna wakati tulikuwa hapa Nakuru kwa studio moja ndogo tunamalizia tangazo la duka la vifaa vya ujenzi, jamaa amesimama mbele ya grini skrini, lile pazia la kijani, na nyuma yake tunataka kuweka kreta ya Menengai. Nywele zake zilikuwa na ukingo mkali kama karatasi iliyokatwa na makasi. Nikaenda kwa nodi ya Blur niliyodhani inalainisha maski (picha ya nyeusi na nyeupe inayosema sehemu gani ionekane), nikapandisha X na Y kutoka 5 hadi 10, hakuna kitu, 20, hakuna kitu, 50, bado nywele ziko vile vile. Nikaanza kushuku nodi ya Keying, ile inayokata kijani, nikabadilisha kila kitu ndani yake, nikarudisha, nikashuku klipu yenyewe, nikairudia kutoka mwanzo. Ilipofika saa saba usiku nikaamua kusogeza nodi ya Blur nipate nafasi ya kuweka nyingine, nikabonyeza G, nikaivuta chini, na ile waya ya maski ikabaki pale pale juu imenyooka haijatikisika. Haikuwa imeingia kwa Blur. Ilikuwa inapita nyuma yake ikienda moja kwa moja kwa Set Alpha, nodi inayoivisha picha maski yake. Blur yenyewe ilikuwa masalio ya jaribio la mchana, upande wa kushoto imeingizwa picha, upande wa kulia haijaunganishwa na chochote.

Hiyo ndiyo shida kubwa ya Blender na ndiyo nataka uielewe kabla ya kugusa setingi yoyote: waya zinachorwa chini ya nodi. Waya ikipita nyuma ya nodi, inaingilia kushoto na kutokea kulia, na kwa macho inafanana kabisa na waya iliyounganishwa, hasa kama umeinyoosha. Kwa hivyo swali la kujiuliza kila ukibadilisha sura ya waya ni moja tu: nikiwa nimechoka, usiku, na mteja anapiga simu, hii waya itaniambia ukweli kuhusu inakotoka na inakoenda? Kama haitaniambia basi hiyo sura sio nzuri hata ipendeze namna gani.

Na dawa ya haraka ya kujua waya imeingia ama inapita tu ni hiyo ya G. Ishike nodi, itikise. Waya ikifuata, imeunganishwa. Ikibaki, inapita. Ukishajua bonyeza Esc inarudi mahali pake. Pia ukichagua nodi, waya zake zote zinang'aa, zile ambazo hazing'ai si zake. Mimi sai nafanya hivyo bila kufikiria, kila nikifungua faili ya mtu mwingine nachagua nodi moja moja naangalia kinachowaka.

Turudi kwa ile namba ya kupinda. Watu wengi wakigundua kwamba 0 ipo wanaiweka hapo na kuondoka wamefurahi, juu skrini inaonekana safi. Mimi sikushauri. Ukiangalia vizuri, waya iliyopinda inatoka kwa soketi ikiwa imelala, inaenda kulia kidogo ndio inashuka ama inapanda, halafu inaingia kwa soketi ya pili ikiwa imelala tena. Hiyo inakusaidia kujua kabisa imeingia soketi gani, na soketi za Blender zimepangana moja juu ya nyingine zikikaribiana sana. Waya iliyonyooka inaingia kwa mshazari, na kama zinaingia tatu kwa nodi moja zikitoka juu, zile mbili za chini zinapita karibu kabisa na soketi ya kwanza na unaanza kukisia. Halafu kuna lingine baya zaidi. Waya mbili zilizonyooka zikiwa kwenye mstari mmoja zinapandana zinakuwa kama moja, hujui ziko mbili mpaka ufute moja.

Lakini 10 nayo sio jibu. Kupinda kukizidi, nodi zikiwa zimekaribiana waya inajikunja tumbo kati ya nodi mbili, na ukiwa umeweka nodi upande wa nyuma, yaani picha inatoka kulia inarudi kushoto, waya inazunguka kama nyoka na kufunika kila kitu. Mimi nakaa 2 ama 3. Hapo mwisho wa waya bado umelala vya kutosha kuonyesha soketi, na katikati imenyooka vya kutosha kupitia nafasi ndogo. Wewe uko na nodi sabini, jaribu 3 kwanza, ufanye nayo kazi siku mbili kabla ya kubadilisha tena, juu macho yanahitaji muda kuzoea.

Rangi sasa. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa sana, na ndio maana nitakaa hapa.

Ukiwasha Wire Colors kwa Blender, waya inachukua rangi ya soketi. Njano ni picha, kijivu ni namba moja moja kwa kila pikseli, mfano maski, na ile ya zambarau inayokaribia buluu ni vekta, yaani namba kadhaa pamoja kama za mwelekeo. Waya ya kijivu ikiingia kwa soketi ya njano inaanza kijivu inamalizia njano, unaona kabisa hapo kuna kitu kinageuzwa. Ile usiku ya Menengai kama ningekuwa nimeziwasha ningeona waya ya kijivu inaingilia nyuma ya Blur na kutokea bado ni kijivu tupu, wakati soketi za picha za Blur ni njano, na ningejua kuna kitu hakiko sawa. Kwa hivyo ziwashe leo. Kama huna sababu kubwa ya kuzizima, ziache zikae.

Ila elewa rangi hiyo inakuambia nini. Inakuambia aina ya kitu kinachopita ndani ya waya, haikuambii kazi yake. Chukua nodi ya Alpha Over, ambayo najua unaitumia kila siku ukiweka kwaya juu ya mandhari. Ina soketi mbili za picha upande wa kushoto. Ya juu ni ya kitu cha nyuma, ya chini ni ya kitu cha mbele. Zote mbili ni njano. Waya zote mbili ni njano. Ukizibadilisha kwa bahati mbaya, mandhari inafunika kwaya yote, unabaki na mawingu tu, na waya hazitakuonyesha kosa juu kwa rangi kila kitu kiko sawa. (Ikikupata hiyo, washa Node Wrangler, nyongeza inayokuja na Blender, kwa Add-ons ndani ya Preferences, chagua hiyo nodi, bonyeza Alt na S, waya mbili zinabadilishana mahali.)

Linganisha na fundi wa stima. Akifungua ukuta wa nyumba mpya anakuta waya ya kahawia, ya buluu, na ile ya kijani yenye mstari wa njano. Zote ni shaba ndani, lakini rangi inamwambia kazi: hii ni ya moto, hii ni nyutro, hii ni ya ardhi. Fusion inafanya hivyo. Nodi ya Merge ya Fusion ina kiingilio cha rangi ya machungwa ambacho ni cha kitu cha nyuma, cha kijani ambacho ni cha kitu cha mbele, na cha buluu ambacho ni cha maski. Hapo rangi inazungumzia kazi. Blender rangi inazungumzia aina. Ukitoka moja ukaenda nyingine bila kujua hilo utasoma rangi vibaya wiki nzima, na nimeona vijana wazuri kabisa wakikwama hapo.

Na jambo lingine ambalo halisemwi sana, kuna watu ambao nyekundu na kijani kwao zinafanana, na wengi wao ni wanaume. Kama unafanya kazi na mtu wa hivyo, usimwachie rangi peke yake imwongoze, mwandikie lebo.

Sasa kuhusu skrini yako. Hujaniambia laptopu gani lakini wengi wetu huku tunaanza na zile za 1366 kwa 768, na stima ikipotea laptopu inapunguza mwanga kuokoa betri, hapo waya ya kijivu juu ya sakafu ya kijivu inapotea kabisa. Fanya hivi. Kwa ile sehemu ya Themes, Node Editor, kuna rangi za waya za kawaida na rangi ya waya zilizochaguliwa, na iko rangi ya sakafu ya dirisha pia. Fanya sakafu iwe nyeusi zaidi kidogo, na rangi ya waya iliyochaguliwa iwe nyeupe ya kuwaka. Hapo hapo utaona Grid Levels, zile nukta nukta za nyuma, ishushe hadi 1 ama 0, juu kwa skrini ndogo nukta zinashindana na waya na hazikusaidii na kitu. Kama shida ni kwamba kila kitu ni chembamba, nenda Preferences, Interface, ongeza Resolution Scale kidogo kidogo, lakini ujue inakuza kila kitu na nafasi inapungua.

Halafu zima Backdrop. Hiyo inaweka picha unayotengeneza nyuma ya nodi, na najua ni tamu kuiona hapo, lakini ukiwa na kwaya imevaa nyeupe imesimama kando ya ziwa mchana, nusu ya waya zako zinapita juu ya nyeupe na huzioni. Gawanya dirisha mara mbili, upande mmoja weka Image Editor, chagua Viewer Node pale, picha ikae huko peke yake. Ndio, nodi zinabaki na nafasi ndogo. Bado ni afadhali.

Haya, tumefika kwa sehemu ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo sio setingi. Kupinda, rangi ya sakafu, nukta, hizo zote zinakaa kwa mashine yako. Ukimtumia mwenzako wa Kisumu ile faili, yeye ataiona kwa setingi zake, na kama yeye ameweka 10 basi ataona nyoka. Lakini Reroute, lebo, fremu (yaani boksi la kuzungushia nodi), na rangi unazozipaka nodi zenyewe, hizo zinasafiri ndani ya faili. Kwa hivyo usipange kazi yako ikitegemea kwamba namba ya kupinda itaificha fujo. Panga nodi ndio hata mtu akifungua na setingi mbaya kabisa bado aelewe.

Kanuni yangu ya kwanza ni waya moja kuu ilale. Katika kila kompoziti kuna picha moja ambayo ndiyo shina, ile ya nyuma kabisa inayopita na kuongezewa vitu njiani. Ziweke nodi zake zote kwa mstari mmoja, kushoto kwenda kulia, washa ile alama ya sumaku ndio zinase kwenye gridi zisipishane urefu. Mtu akifungua faili anaona barabara moja kubwa, kama ile ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, na vitu vingine vyote ni vichochoro vinavyoingia. Watu wa Nuke wameshika hiyo desturi sana, kule nodi ya Merge ina viingilio A na B, na B ndiyo shina, inashuka wima kutoka juu hadi chini, A inaingilia kando. Wewe igeuze ilale tu.

Kanuni ya pili ni maski zipite upande mmoja. Mimi nazipitisha chini ya barabara, kila waya ya kijivu iko chini, kwa hivyo nikiona kijivu juu najua nimekosea mahali. Nodi ya Keying inatoa vitu vitatu, Image, Matte na Edges, na hiyo Matte mara nyingi inahitajika mbali sana, nodi ishirini mbele. Usiache ipite katikati ya kila kitu. Weka Reroute moja hapo hapo inapotoka, ishushe chini, weka nyingine mbali kule inapoingia, katikati inakuwa mstari mmoja mrefu unaolala peke yake. Chagua hiyo Reroute, bonyeza F2, iandikie "maski ya kwaya". Waya haiwezi kubeba jina, lakini nukta inaweza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa nodi sabini hiyo lebo ndiyo daftari lako.

Usizidishe Reroute lakini. Nimefungua faili ya kijana mmoja ilikuwa na nukta nyingi kuliko nodi, kila waya ina kona nne, na kufuata moja ilikuwa kazi kuliko kama angeziacha zipinde. Kama waya inafika bila kupita nyuma ya nodi nyingine, iache. Nukta ni ya kukwepa nodi ama ya kubeba jina.

Mengine nitayapitia haraka. Ctrl na H inaficha soketi ambazo hazijatumika, nodi inakuwa fupi na waya zinakaribiana na kichwa chake. H peke yake inaikunja nodi yote, lakini kuwa makini, ukiikunja waya zote zinaingia karibu mahali pamoja na hutajua ipi ni ipi, kwa hivyo usikunje Alpha Over hata siku moja. Ctrl na J inazungusha fremu kwa nodi ulizochagua, ipe jina na rangi. Ctrl na G inaziweka kwa kikundi, nodi kumi zinakuwa sanduku moja, Tab unaingia, Tab unatoka. Kwa nodi sabini nina hakika unaweza kutoa vikundi vinne hapo: kukata kijani, kusafisha ukingo, kivuli, na rangi za mwisho. Hiyo peke yake inaondoa zaidi ya nusu ya waya unazoona. Na ukiona waya nyekundu yenyewe bila kuipaka, hiyo Blender inakuambia muungano haufai, mara nyingi umeirudisha waya ikajizungukia. Ukitaka kujaribu bila kufuta, shika Ctrl na Alt uburute mausi ya kulia kukatiza waya, inazimwa tu, ukirudia inawaka.

Kuhusu kuhama. Fusion ya ndani ya DaVinci Resolve iko hata kwa toleo la bure, na hizo kona za bomba ulizoona zinapatikana hivi: bonyeza mausi ya kulia mahali patupu kwa dirisha la nodi, ingia Options, chagua Orthogonal badala ya Direct. Waya zote zinakunjika kona za mraba mara moja. Zinapendeza sana na nodi chache. Zikiwa nyingi, vipande vya wima vinaanza kupandana kwa mstari mmoja, ile ile shida ya waya mbili kuonekana moja niliyokuambia, kwa hivyo mimi kwa kazi kubwa narudi Direct. Nukta huko unaiweka kwa kushika Alt na kubonyeza juu ya waya, na Arrange Tools kwa menyu hiyo hiyo itakusaidia nodi zikae kwa gridi.

Nuke haina kupinda kabisa, waya zake zimenyooka tu, na kazi inashuka kutoka juu kwenda chini. Shift na S inafungua Preferences, ukienda sehemu ya Node Graph unabadilisha ukubwa wa vichwa vya mishale, unene wa mishale, na rangi. Nukta inaitwa Dot na unaiweka kwa kubonyeza kitufe cha nukta kwenye kibodi. Mistari ya kijani ambayo utaiona si picha, ni nodi moja inasoma namba kutoka kwa nyingine, na Alt na E inaificha na kuirudisha. Kuna kitu kule kinaitwa hide input, tiki moja na waya inapotea machoni ingawa bado imeunganishwa. Nakusihi uitumie tu ukiwa umeandika lebo inayosema inatoka wapi, juu vinginevyo mwenzako ataifuta ile nodi akidhani haina kazi. Na toleo la bure la Nuke ni la kujifunzia, halitoi picha zaidi ya 1920 kwa 1080 na hairuhusiwi kulitumia kwa kazi ya kulipwa, kwa hivyo matangazo yako ya maduka usiyafanyie huko.

Kwa hivyo hapana, kuhama hakutamaliza shida. Utaenda na nodi sabini zako zilizopandana na utazipanga kule na bado zitapandana. Baki Blender kwa hii projekti.

Ukikaa chini leo usiku usianzie kushoto. Anzia kwa nodi ya mwisho kabisa, ile inayotoa picha, rudi nyuma waya moja baada ya nyingine, ukifika kwa kila nodi bonyeza G uitikise. Zile ambazo hazishiki waya yoyote inayofika mwisho, zichague zote, bonyeza M zizimwe kwanza bila kufuta, render picha moja ya video ulinganishe na ya awali. Kama hazina tofauti, futa. Kwa projekti ya nodi sabini iliyojengwa polepole, usishangae ukipata kumi na kitu zilizokuwa zimekaa hapo bure zikifunika waya za wenzao. Ukishazitoa ndio sasa ufungue Preferences uweke ile 3.